Ombi kwa Bunge la Kaunti kuhusu moshi wa Nakuru: tuombe nini hasa?

MkaziMenengai

Hamjambo wanajukwaa,

Kikundi chetu cha wakazi, upande wa Nakuru unaopanda kuelekea Menengai, kinaandaa ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti kuhusu hewa tunayovuta. Saini zipo. Kinachotukwamisha ni maandishi. Rasimu tuliyo nayo inaomba "serikali ichukue hatua za kupunguza uchafuzi wa hewa". Kila anayeisoma anatikisa kichwa kukubali, lakini hakuna anayeweza kusema nani atatoka ofisini kesho afanye nini.

Moshi unatoka kila upande: taka zinazowaka jaani na vichochoroni, malori na matatu za dizeli kwenye barabara kuu ya Eldoret, mabomba ya viwanda, majiko ya kuni na makaa. Kiangazi kikianza, vumbi linakuja juu ya hayo yote. Wengi husema jina Nakuru lenyewe limetoka kwenye neno la Kimaasai la vumbi, kwa hiyo hilo la mwisho halikuanza jana.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Hii ni kazi ya kaunti au ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira? Ukiuliza ofisi moja unaelekezwa nyingine. Tunathibitishaje tatizo bila mitambo ya mamilioni? Na kama bunge litakubali mambo mawili au matatu tu, yawe yapi?

---

WakiliWaMashinani

Mwenyekiti, anza na Katiba, kwa sababu hapo ndipo kurushiana mpira kunapokoma. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linataja kazi za kaunti, na mojawapo ni udhibiti wa uchafuzi wa hewa, wa kelele na kero nyingine za umma. Uzoaji wa taka na usimamizi wa majaa uko kwenye sehemu hiyohiyo, chini ya huduma za afya za kaunti. Nakili maneno hayo yalivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa ombi.

NEMA nayo ina kazi yake. Inatekeleza Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, na chini yake Kanuni za Ubora wa Hewa, ambazo zina majedwali ya viwango vya hewa ya nje na vya moshi unaotoka bombani, pamoja na leseni ya kutoa moshi kwa viwanda. Ukaguzi wa magari uko kwa NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani. Ubora wa mafuta ni wa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo ukiiomba kaunti ipunguze salfa kwenye dizeli, umeipa sababu ya kukujibu kwamba si kazi yake, na jibu hilo litafunika hata yale ambayo ni kazi yake. Tenganisha: yaliyo mikononi mwa kaunti yawe maombi, na yaliyo kwingine yawe sharti la kaunti kuandikia ofisi husika na kuleta jibu mbele ya kamati.

Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinaruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara au jeraha. Vitaje vyote viwili. Havigeuzi ombi kuwa kesi, lakini kamati itajua kwamba mlango huo upo.

Sasa utaratibu. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, msiogope. Lazima lieleze jitihada mlizokwisha kufanya na kwa nini hazikuzaa matunda, liseme kama jambo liko mahakamani, na limalizie na maombi yaliyo wazi. Ambatisha nakala za barua zenye muhuri wa kupokewa. Kama hamna barua, andikeni sasa, mkitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: ofisi ya umma ina siku 21 kujibu. Ulizeni mambo ya kuhesabika: katika miezi 12 iliyopita jaa lilifunikwa udongo mara ngapi, moto uliripotiwa mara ngapi, malori mangapi ya taka yanatembea na mangapi yamelala gereji, na bajeti ya kudhibiti uchafuzi wa hewa ni shilingi ngapi. Jibu la "hakuna rekodi" nalo ni ushahidi mzuri.

Halafu kalenda. Maombi mengi hufia hapa. Kaunti haiwezi kutumia pesa ambayo haimo kwenye mipango. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hupelekwa bungeni kabla ya 1 Septemba, Waraka wa Mkakati wa Fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ombi likifika Mei, hata likipitishwa kwa shangwe, pesa yake ni ya mwaka unaofuata. Lifikisheni Julai au mwanzoni mwa Agosti ili liingie kwenye mpango wa Septemba.

---

Kipimahewa

Nitajibu kuhusu vipimo, lakini kwanza bonde lenyewe, kwa sababu linaamua mengi.

Nakuru imekaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Menengai ikiwa kaskazini na Mau magharibi. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa upesi. Hewa baridi huteremka kutoka miinuko na kutulia chini, na hewa yenye joto hukaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Moshi wa jioni haupati pa kutokea mpaka jua lipashe ardhi, mnamo saa tatu au saa nne asubuhi. Moto uleule ukiwashwa saa nane mchana na ukiwashwa saa mbili usiku, wa usiku ndio unaolala na watu vyumbani.

Hii ina maana kubwa kwa ombi lenu. Afisa akija na kifaa cha mkononi saa saba mchana, atapima hewa iliyokwisha kupeperushwa na kuandika kwamba hakuna tatizo, na hatakuwa amedanganya. Ombeni vipimo vya saa 24 mfululizo, siku zote saba, na ripoti ioneshe wastani wa kila saa.

Cha kupima ni chembechembe ndogo, PM2.5, yaani zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au chini yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linapendekeza zisizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka. Viwango vya kanuni zetu vimelegea kuliko hivyo. Wekeni vyote viwili kwenye jedwali, kwa sababu mahakama na NEMA watatazama vya Kenya, na daktari atatazama vya Shirika. Kosa linaloua hoja nyingi ni kuchukua kilele cha saa moja, tuseme 90, na kukilinganisha na kiwango cha saa 24. Mtaalamu wa upande wa pili ataliona kwa sekunde moja, na kuanzia hapo hakuna namba yenu itakayoaminika.

Vihisi vya bei nafuu vinavyotumia mwanga wa leza vinatosha kwa kazi yenu. AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere imejenga mtandao mkubwa mjini Kampala kwa vifaa vya namna hiyo. Kwenu ningeanza na vitano: kimoja karibu na jaa, kimoja kwenye makazi yanayopigwa na upepo wake, kimoja kando ya barabara kuu, kimoja eneo la viwanda, na cha tano mbali na vyote ili mjue hewa inayoingia mjini ikoje. Kisha haya, ambayo yakipuuzwa mtapata namba zisizo na thamani:

Urefu uwe mita 2.5 hadi 3 kutoka ardhini, mahali hewa inapopita. Si chini ya paa la jikoni, si juu ya kibanda cha nyama choma, si ndani ya matawi.

Kabla ya kuvitawanya, vining'inizeni vyote mahali pamoja wiki mbili, ikiwezekana kando ya mtambo rasmi wa kupimia. Kikizidi au kikipungua kuliko wenzake, mtajua kasoro yake kabla hajaijua mpinzani wenu. Rudieni baada ya mwaka.

Unyevu ndio adui mkubwa. Chembe hunyonya maji, huvimba, na leza huziona kubwa. Shirika la mazingira la Marekani lilitoa kanuni ya kusahihisha vihisi vya PurpleAir: zidisha namba ya kifaa kwa 0.524, toa 0.0862 kwa kila asilimia moja ya unyevu, ongeza 5.75. Kifaa kikisoma 60 alfajiri yenye unyevu wa asilimia 80, jibu ni kama 30. Nusu! Kanuni hiyo ilitengenezwa kwa hewa ya kule, kwa hiyo msiitumie kama amri. Itumieni kuona ukubwa wa kosa, kisha mtafute marekebisho yenu kwa kulinganisha na mtambo rasmi.

Vumbi la barabara, yaani chembe kubwa, vihisi hivi vinaliona vibaya. Namba ya PM10 inayotokea kwenye skrini msiipeleke bungeni.

Mwisho, bando. Kifaa kinakufa kwa sababu laini imeisha data au umeme umekatika, si kwa sababu kimeharibika. Siku yenye chini ya saa 18 za data, ambazo ni asilimia 75, iacheni nje ya hesabu. Na buibui hupenda feni ndogo ya ndani, kwa hiyo kila miezi mitatu fungueni mpulize kwa hewa.

---

JaaNaUdongo

Swali la tatu lako, mwenyekiti: kama ni mambo mawili tu, la kwanza liwe moto wa taka. Jaa ni la kaunti, malori ni ya kaunti au ya waliopewa kandarasi na kaunti, na tingatinga ni la kaunti. Hapo hakuna wa kusingiziwa. Na moshi wa plastiki, tairi na taka mbichi vikiungua pamoja ni mbaya kuliko wa kuni, kwa sababu vitu hivyo vinaungua bila hewa ya kutosha, polepole, karibu na ardhi.

Watu wengi huandika "jaa lizimwe". Maji hayazimi jaa. Moto wa jaa la wazi kama Gioto, jaa la hapo Nakuru, haukai juu. Unatambaa ndani, mita kadhaa chini, ukila taka bila mwali. Ukimwagia maji juu, yanapita kwenye njia zake, yanatoka chini yakiwa meusi, na moto unabaki. Dalili zake utaziona asubuhi na mapema: mvuke kwenye nyufa, udongo wenye joto ukigusa kwa mgongo wa mkono, na sehemu iliyobonyea bila sababu. Hapo pamebonyea kwa sababu chini pameliwa pakawa pango. Usimruhusu mtu apite kwa miguu, wala mashine nzito ipande juu.

Kinachoua moto huo ni kunyimwa hewa. Sehemu inayowaka inatengwa kwa mtaro unaochimbwa hadi kufikia udongo asilia, mtaro unajazwa udongo, kisha juu panafunikwa na kushindiliwa. Kama haiwezekani, taka zinazowaka zinachimbuliwa kidogokidogo, zinatandazwa kwenye udongo mtupu unene wa sentimita 30, zinaloweshwa, zinaachwa zipoe siku moja au mbili, ndipo zinazikwa upya. Ukichimbua umeingiza hewa, kwa hiyo utaona miali. Boza la maji na rundo la udongo viwe tayari kabla meno ya mashine hayajagusa kitu. Pia kuna methani: ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha.

Kuzuia ni rahisi kuliko hayo yote, na ni hesabu tu. Taka za siku zifunikwe kwa udongo wa sentimita 15 jioni hiyohiyo. Kama mahali pa kumwagia ni mita 20 kwa 20, udongo ni mita za ujazo 60, yaani safari sita za tipa ya mita 10. Hilo linawezekana. Kama malori yanaachwa yamwage popote mpaka uso umekuwa mita 60 kwa 60, udongo ni mita 540, safari 54 kwa siku. Hakuna kaunti itakayofanya hivyo, na hapo ndipo kufunika kunapoachwa kimyakimya. Kwa hiyo ombeni ukubwa wa eneo la kumwagia uandikwe kwenye kandarasi, uwekewe vigingi, na dereva anayemwaga nje ya vigingi asilipwe safari hiyo. Kila kitu kingine kinategemea hapo.

Jambo la kwenu hasa: udongo wa Menengai ni wa majivu ya volkeno, mwepesi na wenye matundu. Sentimita 15 zikimwagwa tu bila kushindiliwa, hewa inapita kama kwenye chujio. Tingatinga lipite juu mara tatu au nne, au tafuteni udongo wa mfinyanzi wa kuchanganya.

Moto unaanzaje? Mara nyingi ni majivu ya jiko yaliyotupwa yakiwa na makaa hai ndani ya mfuko. Pipa la chuma la majivu peke yake kwenye kila kituo cha kukusanyia taka linagharimu kidogo sana. Sababu ya pili ni nyaya za shaba na tairi, zinazochomwa ili kupata shaba na chuma. Hapa msiwafukuze wanaookota taka, watachoma usiku kwingine. Shaba iliyochomwa ni nyeusi na bei yake ni ya chini kuliko iliyomenywa ikang'aa. Kaunti iweke vifaa vya kumenya nyaya pale jaani, na ikubaliane na wanunuzi wenye leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, wasipokee iliyochomwa. Inaonekana kwa macho, haihitaji maabara.

Vichochoroni ni habari nyingine. Pale lori lisipopita wiki mbili, watu watawasha. Kutoza faini kabla ya lori kupita kwa ratiba ni kuwaonea. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Anzeni na masoko, ambako taka mbichi ziko mahali pamoja tayari, zipelekwe kutengenezwa mboji. Uzito wa mzigo wa jaa utashuka papo hapo.

---

MkaziMenengai

Asanteni sana. Hesabu ya safari 6 dhidi ya 54 naiweka ilivyo. Wanakikundi wawili wanasisitiza magari yaingie kwenye ombi, kwa sababu wao wako kando ya barabara kuu. Na kuna pendekezo la kupiga marufuku kuni kwenye vibanda vya chakula. Mnaonaje?

---

FundiDizeli

Magari yaingie, lakini kwa mipaka ya kaunti. Lori linalotoka Mombasa kwenda Malaba halisimamishwi na sheria ndogo ya Nakuru. Na mafuta si ya kulaumiwa sana siku hizi: Kenya iliingia kwenye dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mnamo Januari 2015, kutoka sehemu 500. Umri wa magari ya mitumba yanayoingizwa nao una kikomo cha miaka 8. Shida ni matengenezo.

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: filta ya hewa imeziba, nozeli zimechoka zinadondosha badala ya kunyunyiza, paipu ya turbo inavuja, au fundi amefungua skrubu ya pampu ili gari lipande mlima kwa nguvu. Moshi wa buluu ni oili inaungua, ringi au sili za valvu zimekwisha. Mweupe usioisha injini ikishapata moto ni mafuta yasiyoungua au maji. Filta ni ya kubadilisha siku moja, na mara nyingi ndiyo tu.

Kaunti ianze na magari yake yenyewe: malori ya taka, matipa, ambulansi. Kipimo ni rahisi. Injini ipashwe mpaka oili ifike nyuzi 80, gari liwe nyutro, kanyagio likanyagwe hadi mwisho kwa haraka, liachwe, mara tatu au zaidi, na kifaa cha kupima weusi wa moshi kiwe bombani. Chukua wastani. Gari lisipopashwa moto litafeli bila kosa, na mara ya kwanza hutoa masizi ya zamani, kwa hiyo safisha bomba kwa kukanyaga mara kadhaa kabla ya kuandika.

Steji za matatu pia ni za kaunti. Injini zizimwe gari linaposubiri abiria zaidi ya dakika tatu, liwe sharti la kibali cha steji. Wapangeni kwa foleni ya namba, maana dereva hunguruma kwa hofu ya kupitwa zamu.

---

NyarKisumu

Mwenyekiti, kuhusu marufuku ya kuni, tafadhali msiende huko. Tazameni Obunga hapa Kisumu, akina mama wanakaanga mgongo wazi, mifupa ya mbuta iliyobaki viwandani, kwenye karai kubwa juu ya kuni. Marufuku ingewaondoa barabarani na kuwaingiza ndani ya nyumba na watoto, moshi uleule ndani ya mabati. Ombeni jiko lenye dohani badala yake.

Dohani inayofanya kazi ni bomba la sentimita 15 kwa upana, lisilo na kona kali, linalopanda mpaka mita moja juu ya kilele cha paa. Likiishia chini ya kilele, upepo ukigonga paa unarudisha moshi ndani. Mdomo wa jiko uwe mdogo kuliko karai, karai likae bila mwanya pembeni. Kuni ziwe kavu, unyevu chini ya asilimia 20: zipigeni moja kwa nyingine, kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa mlio mzito. Banda la kukaushia kuni sokoni, lenye paa na kuta wazi, ni mradi mdogo ambao mwakilishi wadi anaweza kuuelewa na kuuona. Na masizi yasafishwe kila wiki kwa brashi, la sivyo mwezi wa pili jiko halivuti na mama anaitoa dohani.

Gesi nayo ina nafasi. Ushuru wa VAT kwa gesi ya kupikia, uliorudi mwaka 2021, uliondolewa tena kwa Sheria ya Fedha ya 2023, kwa hiyo hapo serikali ya kitaifa imefanya sehemu yake. Kinachobaki kwa mpishi wa kibanda ni bei ya mtungi wa kwanza na burna kubwa. Mfuko wa mikopo wa kaunti kwa wafanyabiashara wadogo unaweza kukopesha hivyo viwili mahsusi.

---

MsimamiziBoila

Neno moja kuhusu viwanda. Leseni ni ya NEMA, sawa, lakini afisa wa afya ya umma wa kaunti anaweza kushughulikia kero chini ya Sheria ya Afya ya Umma, na kaunti ndiyo inayotoa kibali cha biashara kila mwaka. Ombeni kibali kisifanywe upya bila nakala ya leseni ya moshi iliyo hai pamoja na ripoti ya kipimo cha bombani.

Ripoti hiyo isomwe kwa makini. Hakikisheni namba imerekebishwa kwa kiwango cha oksijeni kilichowekwa. Ukiacha hewa ya nje iingie kwenye bomba, moshi huonekana mwembamba kwa kila mita ya ujazo, ilhali masizi ni yaleyale. Tundu la kipimo nalo lisiwe karibu na kona: desturi ni umbali wa vipenyo vinane vya bomba baada ya kona na viwili kabla ya mwisho.

Boila za kuni na vumbi la mbao nyingi zina kichujio cha kimbunga tu, yaani kinachozungusha moshi ili majivu yaanguke. Hicho hukamata majivu makubwa yanayoanguka kwenye nguo zilizoanikwa, lakini chembe ndogo hupita. Kichujio cha mifuko ya kitambaa hukamata hata ndogo, ila cheche moja huitoboa, kwa hiyo kizuia cheche kitangulie. Moshi mbaya kuliko wote ni wa kuwasha boila baridi alfajiri, saa ileile ambayo Kipimahewa amesema mfuniko haujaondoka. Daftari la saa za kuwasha lipo kwenye kila boila inayosimamiwa vizuri. Ombeni kaunti ilione.

Wakazi nao wanaweza kurekodi weusi kwa macho, kwa chati ya Ringelmann, daraja 0 hadi 5, kila daraja asilimia 20. Simama jua likiwa mgongoni, tazama kila sekunde 15 kwa dakika sita, andika kila mara. Kama moshi ni mweupe na unapotea kabisa angani mita chache kutoka bombani, huo ni mvuke wa maji. Soma weusi baada ya mvuke kuisha, au mtadhalilishwa na fundi wa kiwanda.

---

WakiliWaMashinani

Kwa yote hayo, mwenyekiti, maombi yenu yangesomeka hivi. Rekebisheni kwa ladha yenu, lakini kila moja libaki na afisa, kipimo na tarehe:

"Kwamba Bunge liagize idara inayohusika na mazingira iweke vigingi kwenye eneo la kumwagia taka lisilozidi mita 20 kwa 20, ifunike taka kila jioni kwa udongo ulioshindiliwa wa sentimita 15, na iwasilishe daftari la safari za udongo kila mwezi kwa kamati.

Kwamba Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ujao uwe na fungu linalojitegemea la kudhibiti uchafuzi wa hewa, likijumuisha vihisi vitano, matengenezo na data yake, na matokeo ya kila saa yawekwe wazi kwa umma.

Kwamba magari yote ya dizeli ya kaunti yapimwe moshi ndani ya siku 90, na yanayofeli yasirudi barabarani kabla ya kutengenezwa.

Kwamba kaunti iandikie NEMA na NTSA kuhusu viwanda na magari ya barabara kuu, na majibu yasomwe mbele ya kamati."

Steji, majiko na vibali vya biashara viwekeni kwenye kiambatisho. Nairobi ilikuwa na mpango wake wa hewa wa 2019 hadi 2023, kwa hiyo mnaweza kuomba Nakuru, ambayo ni jiji tangu Desemba 2021, iandae wa kwake. Lakini msikubali mpango uwe badala ya udongo. Kamati ikikabidhiwa ombi ina siku 60 za kutoa ripoti. Hesabuni kuanzia siku ya kukabidhiwa na mwandike kumbusho siku ya 45.

Na kuhusu saini ulizosema zipo: kagueni kila mstari. Jina, anwani, nambari ya kitambulisho, na saini au alama ya kidole gumba. Karatasi zenye majina na saini peke yake zirudisheni mitaani zikajazwe wiki hii, kabla hamjagusa rasimu.